Nina chupa sita za vitamini na mtoto wa wiki 11

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika usiku, mtoto kalala kifuani, kwa hiyo nikiruka herufi nisamehe. Ni mtoto wangu wa kwanza, ana wiki 11. Alizaliwa miezi yake imetimia, kilo 3.1, na wiki hii kliniki amepimwa kilo 5.4. Namnyonyesha maziwa yangu tu. Hata maji sijampa.

Shida ni kwamba sina imani na maziwa yangu. Mwezi wa kwanza matiti yalikuwa yanajaa mpaka yanauma, nikimsikia tu akilia nguo zinalowa. Siku hizi yamelegea kama hayana kitu. Na jua likizama mtoto hataki kuachia ziwa: ananyonya, analala dakika kumi, anashtuka, anataka tena, mpaka usiku unakuwa mkubwa. Nepi zenye mkojo nabadilisha saba au nane kwa siku, lakini moyo unaniambia hashibi, au anashiba maji tu yasiyo na kitu ndani yake.

Mimi mwenyewe nimechakaa. Nywele zinatoka kwa mafungu, nikichana nabaki na kichaka mkononi. Nimechoka uchovu usioisha hata siku ninayobahatika kulala saa tano mfululizo. Vidole vya miguu vinakufa ganzi, nadhani ni kwa kukaa muda mrefu namnyonyesha. Wekundu wa damu nilipimwa baada ya kujifungua, ulikuwa 12.1, muuguzi akasema uko vizuri. Lakini nikawaza: kama mimi niko hivi, maziwa yanayotoka kwangu yatakuwaje?

Basi nikaanza kununua. Leo juu ya kabati kuna chupa sita. Ya kwanza ni multivitamini ya wajawazito iliyobaki. Hiyo niliiacha nilipojifungua, kwa sababu ina chuma, ilikuwa inanifungisha choo, na nikaona mimba yenyewe imekwisha. Ya pili ni kalsiamu, nimeambiwa mtoto hula mifupa na meno ya mama yake. Ya tatu ni biotini ya nywele, mikrogramu 10,000. Ya nne ni vidonge vya mwani wa baharini, wameandika vina madini yote na B12 ya asili (mimi sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, huu mwaka wa tatu). Ya tano ni mitishamba ya kuongeza maziwa, imo uwatu. Ya sita ni matone ya vitamini D ya mtoto, ambayo muuguzi alisema nimpe kila siku. Hiyo sijaifungua.

Sijaifungua kwa sababu nyumbani hatujaelewana. Mama mkwe anasema kalea watoto watano bila matone ya mtu na wote wana miguu iliyonyooka, na kwamba maziwa ya mama yana kila kitu. Dada yangu, ambaye ndiye aliyenisaidia kunyonyesha nilipotaka kukata tamaa, anasema nikimpa mtoto hata tone moja la kitu kingine nimeshavunja unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee. Mume wangu, ili tusigombane, anasema nimeze mimi hiyo vitamini D, itamfikia mtoto kupitia maziwa.

Nimeze zipi, niache zipi? Na ile ya sita niifungue?

Mwanao,
Mama wa Chupa Sita

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa mtoto, na pole kwa hizo jioni ndefu.

Nianze na maziwa, maana najua hutasikia lingine lolote mpaka hili litulie. Mtoto wako ameongeza kilo 2.3 kwa siku 77. Gawanya mwenyewe: ni karibu gramu 30 kila siku, na hapo sijahesabu uzito ambao vichanga hupoteza siku za mwanzo kabla ya kuurudisha. Maji matupu hayajengi gramu 30 kwa siku. Nepi saba au nane zilizolowa ni shahidi wa pili. Matiti kulegea si kukauka. Wiki za mwanzo mwili hauna hakika kama umezaa mmoja au mapacha, kwa hiyo hutengeneza kwa kukisia na kulimbikiza. Ikifika wiki ya sita hivi umeshaijua hesabu, na matiti hayana haja ya kujaa mpaka yaume. Huko kung'ang'ania ziwa jioni ni tabia ya watoto wengi wa umri huu. Inachosha, naijua, lakini kama uzito unapanda namna hiyo haitokani na njaa.

Kwa hiyo chupa ya tano, ile ya mitishamba, iache. Maziwa huongezwa na ziwa linalonyonywa mara kwa mara likatolewa vizuri. Ushahidi wa uwatu ni mdogo mno, na wengine huwaletea gesi, kuharisha, au kushuka kwa sukari ya damu. Unatibu ugonjwa usiokuwepo kwa dawa ambayo haijathibitika. Zimebaki tano.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona nywele, uchovu na mvutano wa nyumbani, nikasema haya nimeyasikia. Mara ya pili nikagota kwenye maneno uliyoyafungia ndani ya mabano, kana kwamba ni jambo la pembeni: huli nyama, samaki, mayai wala maziwa, mwaka wa tatu. Katika barua nzima hakuna sentensi nzito kuliko hiyo. Yote mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo. Hilo la mabano sitaki lisubiri.

Kwanza uelewe jinsi maziwa yanavyopata vitu vyake, kwa sababu hapo ndipo wewe, mume wako na hata waliokuuzia mlipochanganyikiwa. Watu hudhani mama ni bomba: kinachoingia juu kinatokea chini. Si hivyo. Kuna vitu ambavyo mwili huyapa maziwa hata kama mama mwenyewe hana. Kalsiamu ni mfano mzuri. Ikipungua kwenye chakula chako, maziwa hayapungukiwi, yanakopa kwenye mifupa yako. Na hukopa hata kwa mama anayekula vizuri, asilimia 3 hadi 5 hivi, kisha mifupa hujirudishia deni hilo katika miezi ya baada ya kuachisha ziwa. Kwa hiyo aliyekuambia mtoto hula mifupa ya mama hakukosea sana, alisahau tu kukuambia kwamba hulipa. Meno hayahusiki kabisa. Foliki, ile vitamini ya mboga za majani na maharage, nayo huenda kwenye maziwa kwanza, mama anabaki na kinachosalia.

Chuma kina tabia yake. Ni kidogo kwenye maziwa ya kila mwanamke, hakifiki hata miligramu moja kwa lita, na ukimeza vidonge vya chuma mwaka mzima hakiongezeki humo. Vidonge hivyo vinakusaidia wewe. Mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia huishi kwa akiba aliyokuja nayo tumboni, kwa miezi minne hadi sita hivi.

Halafu kuna vile ambavyo visipoingia kinywani mwako haviingii kinywani mwake: B12, madini joto, B1, na kwa kiasi kikubwa vitamini A na D. Huko mama akipungukiwa, mtoto anapungukiwa, na mara nyingi mtoto ndiye anayeanza kuumia.

Turudi kwenye mabano. B12 haitengenezwi na mmea wowote wala mnyama yeyote. Hutengenezwa na bakteria, nasi tunaipata kwa kula wanyama waliokwisha kuihifadhi, au mayai na maziwa yao, au vyakula na vidonge vilivyoongezewa. Mtu mzima ana akiba kwenye ini inayoweza kumvusha miaka kadhaa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza hukuona kitu, na wa pili hukuona kitu. Kisha ukabeba mimba, ukamgawia mtoto, na sasa unamgawia kila siku kwenye maziwa. Mtoto hana ini la mtu mzima. Huzaliwa na akiba ndogo, na kama mama alikuwa chini wakati wa mimba, akiba hiyo huwa ndogo zaidi. Baada ya hapo anategemea anachonyonya.

Watoto wa namna hii mara nyingi huonekana wazima kabisa miezi ya mwanzo, wananenepa, wanacheka. Dalili huja taratibu, aghalabu kati ya mwezi wa nne na mwaka wa kwanza: mtoto anazubaa, analegea, hana hamu ya kunyonya wala kula, anaacha kutabasamu, anasahau hata alichokwisha kujifunza kama kushika shingo au kukaa. B12 inahitajika kujenga neva na ubongo, na ikikosekana muda mrefu katika umri huu madhara mengine hayarudi nyuma hata akitibiwa. Sikuandikii hivi nikutie hofu. Wako ana wiki 11, anakua, na hili linazuilika kwa kidonge kidogo ambacho hata ladha hakina.

Sasa chukua tena yale uliyoyasema juu yako mwenyewe: uchovu usioisha, na ganzi ya vidole. Inawezekana kabisa ni kukosa usingizi na kukaa vibaya. Mama yeyote wa wiki 11 amechoka. Lakini uchovu na ganzi kwa mtu ambaye hajala B12 kwa miaka mitatu ni jambo la kupimwa damu, siyo la kudhania. Na usijifariji na ile 12.1 ya kliniki. Foliki nyingi, iwe ya vidonge vya wajawazito au ya mboga za majani na maharage unayokula wewe kuliko sisi wengine, inaweza kuuweka wekundu wa damu sawa huku upungufu wa B12 ukiendelea kula neva chinichini. Kipimo cha wekundu hakiulizi swali hilo. Lazima B12 yenyewe ipimwe.

Utaniambia: lakini mwani una B12, wameandika. Hapa nina hasira kidogo na wanaoandika. Aina nyingi za mwani zina kitu kinachofanana na B12 kiasi cha kudanganya vipimo vya maabara, lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Kama chanzo chako pekee ni hicho, jihesabu huna chanzo. Na mwani wa baharini una la pili, baya vilevile: madini joto yake hayatabiriki, na aina nyingine zinayo kupita kiasi. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kidonge cha mwani kinaweza kuzidisha mara kadhaa, na ziada hiyo haikai kwako. Inapita kwenye maziwa na inaweza kuivuruga tezi ya shingoni ya mtoto. Chupa ya nne itupe leo usiku. Ukienda kwa daktari mwambie umeitumia kwa muda gani, aamue kama tezi zenu ziangaliwe.

Unachopaswa kufanya ni hiki. Nenda ukapimwe B12, na umwambie daktari kwa maneno haya haya: "Nanyonyesha, sili chochote cha mnyama mwaka wa tatu, sijameza B12 tangu nijifungue, na vidole vya miguu vinakufa ganzi." Mwombe amwangalie na mtoto, akiona haja ampime naye. Damu ikishatolewa, anza B12 siku hiyohiyo, usisubiri majibu. Kwa mtu asiyekula vitu vya wanyama, mikrogramu 10 kila siku hutosha kumtunza, au 2,000 mara moja kwa wiki. Tofauti hiyo kubwa isikutishe: mwili hufyonza kidogo tu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo anayemeza kwa nadra humeza nyingi. Majibu yakionyesha upungufu, hapo dozi ni ya daktari, pengine na sindano, na mtoto atatibiwa kwa upande wake.

Sikuambii urudi kula nyama. Hukuniuliza, na watu wengi wamenyonyesha vizuri bila kugusa kitu cha mnyama, mradi B12 wanaipata kwa njia nyingine. Daktari akianza kukuhubiria, mrudishe kwenye kipimo.

Chupa ya kwanza ndiyo iliyonisikitisha. Katika zote sita, uliyoiacha ndiyo pekee ya kumeza ambayo yaelekea ilikuwa na B12 halisi. Kujifungua hakupunguzi mahitaji. Kwa vitu vingi yanapanda. Madini joto yanapanda, vitamini A na C zinapanda, na chakula chenyewe kinapanda, kama kalori 500 za ziada kwa siku katika nusu mwaka ya kwanza, sehemu yake ikitoka kwenye mafuta uliyoyahifadhi ukiwa na mimba. Kinachoshuka ni chuma. Mjamzito huhitaji kama miligramu 27, anayenyonyesha 9 tu mpaka hedhi irudi. Kwa hiyo tumbo lako lilikuwa na hoja. Kama akiba yako ya chuma iko sawa (omba ipimwe hapohapo, ni sindano ileile), tafuta multivitamini ya wanaonyonyesha yenye chuma kidogo au isiyo nacho. Soma lebo uhakikishe ina B12 na madini joto, maana nyingine zinayaacha madini joto nje kabisa. Mkojo ukigeuka njano kali usishtuke, hiyo ni B2 inayozidi ikitoka. Hata maziwa yanaweza kupata rangi ya njano.

Haya, chupa ya sita. Hii ndiyo iliyowagombanisha, nami nitamtetea kila mmoja kidogo.

Mama mkwe ana haki ya kuyasifu maziwa, ila vitamini D ni kweli haimo ya kutosha. Haina maana maziwa yana kasoro. Mwili wa binadamu hutengeneza vitamini D kwenye ngozi ukipigwa na jua, kwa hiyo maziwa hayakuwa na kazi ya kuibeba. Sasa tunaishi ndani ya kuta, tumevaa nguo, na mtoto wa chini ya miezi sita tunashauriwa tusimuanike kwenye jua kali kwa sababu ngozi yake inaungua upesi. Tumelifunga dirisha moja, lazima tufungue jingine. Bila vitamini D, kalsiamu haifyonzwi sawasawa na mifupa inakuwa laini, ndiyo matege. Watoto wake watano walinyooka miguu, nafurahi. Mtoto wa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza kiasi kilekile, na mama aliyekuwa na vitamini D kidogo wakati wa mimba humzaa mtoto mwenye akiba kidogo. Huwezi kujua yupi atapata tatizo kwa kumtazama.

Kiwango kinachotumika sana ni yuniti 400 kwa siku, ambazo ni mikrogramu 10, kuanzia siku za mwanzo za maisha. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimekuwa kikisema hivyo tangu 2008, na Uingereza husema mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa kila mtoto anayenyonya, mpaka atimize mwaka.

Dada yako umbusu kwa niaba yangu, ni watu kama yeye wanaookoa unyonyeshaji wa wengine. Lakini katika hili kazidisha. Shirika la Afya Duniani linapoeleza kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, linakataza maji, uji, juisi na maziwa mengine. Matone ya vitamini, ya madini na ya dawa yanaruhusiwa kwa jina. Hofu ya maji ni kwamba yanajaza tumbo dogo, yanachukua nafasi ya maziwa na yanaweza kuleta vijidudu. Tone moja halijazi chochote.

Na mume wako, kwa mshangao wangu, ana hoja ya kisayansi asiyoijua. Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti ambapo akina mama walimeza yuniti 6,400 kila siku, na watoto wao wakawa na vitamini D sawa na watoto waliopewa matone ya 400 moja kwa moja. Kwa hiyo inawezekana. Lakini angalia kiasi: ni mara 16 ya ile ya mtoto, na kidonge cha kawaida cha 400 au 1,000 hakifiki huko. Ukisahau siku kadhaa, mtoto naye kasahauliwa. Kwa mama ambaye hata multivitamini aliiweka chini, mimi nachagua tone.

Namna ya kumpa: dondosha kwenye chuchu au kwenye kidole kilichonawa, mnyonyeshe. Kabla ya hapo soma chupa kwa mwanga mzuri, na mtu mwingine aisome pia. Kuna chupa ambazo yuniti 400 zimo kwenye tone moja, na nyingine zimo kwenye mililita nzima. Anayezichanganya hizo mbili anaweza kumpa mtoto dozi ya zaidi ya mara 20, tena kila siku. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wazazi kuhusu vijibomba vya kudondoshea vinavyobeba zaidi ya kiasi kinachotakiwa. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu: mtoto anatapika, hanyonyi, anapata choo kigumu, anakojoa kupita kawaida, na figo zinaumia. Ukikosa siku moja, usimpe mara mbili kesho yake.

Mbili zilizobaki hazina mambo mengi. Kalsiamu: unahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku kwa jumla, chakula kikiwemo. Kwa kuwa hunywi maziwa, kidonge kidogo kinaweza kukufaa wewe, kwa ajili ya kulipa lile deni la mifupa; maziwa hayatabadilika. Usikimeze pamoja na chuma, vinazuiana.

Biotini iache. Nywele zinazotoka sasa ni zile ambazo zingetoka kidogokidogo wakati wa mimba, homoni zikazizuia, na sasa zinaondoka kwa pamoja. Huanza mwezi wa pili au wa tatu hivi, hukolea karibu na wa nne, na kabla ya mtoto kutimiza mwaka zinakuwa zimerudi. Mimi mtoto wangu wa pili aliniachia mapengo juu ya masikio ambayo niliyaficha kwa kitambaa miezi mitano, kisha zikaota fupifupi zimesimama kama brashi. Biotini haioteshi nywele za mtu asiyepungukiwa nayo. Anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 35. Wewe unameza 10,000. Ubaya wake mkubwa kwako ni kwamba inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, vya tezi ya shingoni vikiwemo, ambavyo huenda daktari akavitaka ukimtajia uchovu na mwani. Iache leo, na umwambie mpimaji lini ulimeza mara ya mwisho.

Kuna tarehe moja ya kuiandika: mtoto akitimiza miezi sita. Hapo akiba yake ya chuma inakwisha na maziwa peke yake hayamtoshi tena. Madaktari wa Marekani huanza kumpa anayenyonya matone ya chuma mapema zaidi, miezi minne, miligramu moja kwa kila kilo ya uzito. Kwingine husubiri chakula. Kama unataka kumlea kwa mlo wako wa mimea, ni haki yako kuliuliza, lakini liulize kabla ya kijiko cha kwanza. Miongozo ya 2023 ya Shirika la Afya Duniani inataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate chakula cha asili ya wanyama kila siku, na asiyempa lazima awe na mpango wa B12, chuma na vinginevyo uliopangwa na mtaalamu, wala usiwe wa kukisia juu ya kabati. Na siku atakapoanza kutambaa, chuma kisikae kabati la chini. Vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto.

Kwa hiyo kwenye kabati bakiza matone ya D, multivitamini yenye B12 na madini joto, na kalsiamu ukiihitaji. Majibu ya B12 yakitoka niandikie, na uniambie ile chupa ya sita nani alikusaidia kusoma lebo yake.